Binti wa Karatasi za Dagaa

Juzi mjukuu wangu wa kike, aliyekuja likizo hapa Sumbawanga, alikaa mkekani na simu yake akaniambia, "Bibi, nikuonyeshe kitu, ila usije ukaogopa." Mimi niliyezaa watoto sita, niogope simu? Akanigeuzia. Ni msichana wa kuchorwa, wa vitabu vya katuni: meno marefu, kucha, manyoya mikononi. Mama yake mnyonya damu, baba yake mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukijaa. "Lakini anaokoa watu, Bibi." Nikacheka mpaka kanga ikanidondoka. Nikamwambia, huyu, au dada yake, nilikuwa naye kabla mama yako hajazaliwa. Alikuwa ananuka dagaa.

Na wewe nikusimulie, maana najua hutaniamini.

Kijijini kwetu, upande wa Namanyere, dagaa waliletwa na mama mmoja kutoka Kabwe, kule ziwani. Tulimwita Mama Dagaa, basi. Aliwafunga kwenye karatasi za vitabu vilivyovuka ziwa, na mwaka ule alikuwa amepata kitabu cha katuni cha Kizungu fulani ambacho hata mwalimu wetu hakukijua. Mimi maneno ya nini? Nilikuwa na macho. Mbwa mwitu hatukuwajua, tulijua fisi. Na mnyonya damu kwetu ni mumiani. Tukamwita Binti Fisi, mtoto wa mumiani, yakaisha.

Wenzangu wakitumwa dagaa walichagua fungu nene. Mimi nilichagua picha. Narudi na kifungu kiduchu, bibi yangu anakipima kiganjani: "Ee! Leo ugali tutautowelea meno ya huyo shetani?" Karatasi nilizibandika ukutani kwa uji wa ulezi. Bibi akaja, akasimama mikono kiunoni, akatazama weee, akasema, "Msogeze huko. Asikae jirani na picha ya Mama Maria na meno yale." Nikamhamishia upande wa mafiga. Moshi ukamshika, akawa mweusi kama sisi. Akapendeza.

Kurasa zilikuja hovyo. Leo anapigana, wiki ijayo ndiyo anazaliwa. Tulikuwa tunalinda ulezi usiliwe na ndege, tumekaa juu ya matuta yetu ya Kifipa, yale ya mviringo yanayofukiwa majani yaoze yawe mbolea, upepo unachoma masikio, nami nasimulia huku nikizipanga kurasa kichwani. Ndege walikula. Nisikudanganye, walikula sana.

Halafu ikaja karatasi iliyonitesa. Binti Fisi amefungwa kwenye nguzo. Watu wa kijiji alichokiokoa mwenyewe wamemzunguka na mashoka, na nyuma yao jua linachomoza. Jua, kwa mtoto wa mumiani, ni moto. Karatasi ikaishia hapo! Na mvua nazo zikashika, njia ya Kabwe ikawa tope tupu, Mama Dagaa haji. Wenzangu wakanibana shambani: "Amekufa? Sema!" Nikawaambia wasubiri dagaa. Jioni, kwenye rozari, nilimwombea yeye, bibi akidhani namwombea marehemu babu.

Mvua zilipokatika Mama Dagaa akatokea. Nikamkimbilia, hata shikamoo nikasahau. Kikapuni, dagaa wamefungwa kwenye majani ya mgomba.

"Kitabu kimeisha, mwanangu. Karatasi ya mwisho nilimfungia abiria wa lori, kaenda nayo Laela."

Nililia kama nimefiwa. Bibi alikuwa anapepeta ulezi wa akiba uani, wala hakuinua macho.

"Unamlilia yule wa ukutani? Acha ujinga. Jua linachoma upande wa mama. Upande wa baba unafanya nini saa hiyo? Unatafuna kamba." Akapepeta, akapuliza makapi. "Na akishafunguka, hamuumi mtu. Anawaomba maji ya kunywa tu. Waone aibu wenyewe."

Kumbe msimu mzima, mwanamke aliyemwita shetani alikuwa anakaa naye jikoni akimfikiria! Kesho yake niliwapelekea wenzangu mwisho ule, na siku hiyo ndege walikula zaidi ya siku zote.

Nyumba ile imeanguka, ukuta umerudi kuwa udongo pamoja na binti wangu. Dagaa siku hizi wanakuja kwenye vifuko, havina picha, havina hadithi. Bibi amelala makaburini kule misheni, na hakuna anayenituma dagaa tena. Sasa natuma mimi.

Nilipomaliza, mjukuu wangu akarudi kwenye simu yake. Mara akapiga kelele. "Aa, Bibi! Wamemfungia ndani ya sanduku la chuma, wakamtupa mtoni, halafu eti hadithi itaendelea mwezi ujao!"

Nikamwambia aweke simu chini, alete ungo na ule ulezi. Binti huyu hasimuliwi mikono mitupu.

Akaleta mbio.

"Haya," nikaanza kupepeta. "Sandukuni hamna jua, upande wa mama uko salama. Upande wa baba je?"