Nguo za Mtoto Ndani ya Begi Langu

Siku ninaondoka kwa Peishan, nilifungua begi langu niweke kandambili, nikakuta nguo za mtoto wake.

Zimekunjwa vizuri. Kofia, soksi, na chupa mbili za maziwa juu yake.

Nikasema leo kimenuka. Miaka kumi na minne nahudumia wazazi na vichanga hapa Foshan, China, sijawahi kuondoka na hata kijiko cha mtu.

Mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni, ameona kila kitu.

"Kumbe ndiyo kazi yako, Shangazi Lian? Mwizi mkubwa wewe!"

"Naapa mama, sijui zimefikaje humu."

"Zimetembea zenyewe?"

Siku ishirini na sita za mkataba sijapata usingizi wa maana, mgongo umekufa, halafu naitwa mwizi. Hata kujitetea nilichoka.

Tena nyumba ya Peishan! Mzazi aliyenipa kazi nyepesi kuliko wote. Kwetu mzazi hukaa ndani siku thelathini, haoshi nywele wala hapigwi na upepo. Wenzake wiki ya kwanza tu tunagombana: kichwa kinawasha wanataka kuosha nywele, dirisha lifunguliwe, supu ya miguu ya nguruwe na tangawizi imewakinaisha.

Yeye kimya. Ukimwambia lala, analala. Bakuli linarudi tupu. Hata chozi, ambalo tunawakataza lisije likawaharibu macho, sikuliona.

"Hapa umepata mkwe," nilikuwa namwambia mama mkwe. Nilijisifu mimi, kusema kweli.

Basi mkwe huyo akatoka chumbani na soksi zake za sufu.

"Mama, ni mimi niliyeziweka. Mtoto aende na Shangazi, kwake halii sana. Mimi sitakuwepo."

"Unakwenda wapi?"

Alitazama dirisha.

Tulikuwa ghorofa ya kumi na moja. Dirisha lile nililiziba mimi kwa karatasi ya gundi, upepo usimguse. Upande mmoja karatasi ilikuwa imebanduliwa.

Nikamshika mkono. "Vaa viatu. Twende hospitali."

Mama mkwe akaziba mlango. "Bado siku nne! Upepo utamwingia kwenye mifupa! Si wewe mwenyewe uliyesema?"

"Ni mimi. Nilikosea. Sogea, mama."

Alinitazama, akamtazama mkwewe. Kisha akavua shali yake, akamfunika kichwa, akabeba mtoto. Tukashuka wote.

Peishan alilia ndani ya lifti. Mama mkwe akaanza, "Macho yako..." Akamfuta kwa kiganja.

Daktari alisema ni sonona ya baada ya kujifungua, na tumewahi. Dawa na mazungumzo vilichukua miezi. Leo mtoto ana miaka miwili na analala kwa mama yake.

Jamani, mzazi anayegombana nawe bado anajipigania. Anayekubali kila kitu usikimbilie kumsifia.

Mimi supu bado napika, madirisha bado nafunga. Ila kila asubuhi nakaa kitandani kwa mzazi niliye naye, namuuliza, "Jana umelia?"

Akisema hapana, siondoki.