Nilikataa Kupimwa Kiuno Nyuma ya Pazia

Jamani, mimi nilianza maisha nikibeba magunia ya mahindi Kitale. Shule sikumaliza, lakini leo lori ni langu. Sasa niambieni, mwanaume kama mimi anaulizwaje kama hupata kizunguzungu akipanda ngazi?

Ndivyo alivyoniuliza yule msichana mwalimu wa mazoezi pale Kanduyi. Nilienda kuinua vyuma, na wenzangu sokoni nilikuwa nimeshawaringia. Yeye ati lazima kwanza anipime presha, pumzi na kiuno, ndio ajue kama ataniruhusu.

"Mzee, pita nyuma ya pazia utoe shati."

Mzee! Hapo nilipandwa na hasira. "Madam, mwili huu nimeujenga mwenyewe. Sijauiba, niufiche wa nini?"

"Si kuna watu wataingia, baba?"

"Waingie waone mwanaume!"

Nikavua shati, nikavua na suruali ambayo hakuna mtu aliyeitaja, nikabaki na chupi, tumbo nimelivuta ndani. Akanizungushia tepu. "Pumua, mzee." Nikapumua, tumbo lote likamwagikia mikono yake.

Mlango ukafunguka. Waliingia akina mama wanaofanya mazoezi wakiwa wamekaa kwenye viti, na mbele yao mama mkwe wangu kutoka Sirisia. Kwetu mtu na mama mkwe hawasalimiani hata kwa mkono. Wakikutana njiani, mmoja hupita kando. Alijifunika uso kwa leso, akapaza sauti:

"Madam, si umfunike huyo mgonjwa!"