Simba Aliyetembea kwa Miguu ya Kuku

Jamani, mimi nimemwona simba kijijini kwetu Ndagoni, kisiwani. Mchana kweupe.

Ana miguu sita, anatembelea miwili.

Mnacheka? Ngojeni.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, kila kitu cha pamoja. Dada yangu Siwema kalazwa hospitali Kilindoni, kaniachia mwanawe Mize, wa miaka mitatu.

Mtoto halali. Akifumba macho tu, anashtuka: "Mama!" Uji hataki. Namwona anavyokonda. Dada akirudi nitamkabidhi nini? Mifupa?

Nikajitosa kwenye darasa la kufuma la akina mama, nikawaeleza shida yangu. Mwalimu wetu, Bi Mwanaharusi, alifumua sweta lake kuukuu la manjano tupate uzi. Sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli.

"Tumfumie Mize mnyama wa kukumbatia," akasema. "Simba."

Tukatazamana. Kiboko tunamjua, komba tunamjua. Simba nani kamwona kisiwani hapa?

"Ana manyoya shingoni," mwalimu akafafanua.

"Kama jogoo?" akauliza Bi Biasha.

"Eeh... haya, kama jogoo."

Kila mtu akachukua mguu wake. Hapo ndipo tulipoharibu.

Bi Bimkubwa alizoea kusuka ukili wa mikeka, basi kila tundu anakaza kwa meno. "Mkeka usipokazwa haudumu!" Mguu wake ukatoka mgumu kama mchi. Wa Bi Biasha ukawa mrefu kama soksi ya askari.

Wangu kila nikianza unajikunja.

"Usiubane, mwanangu," Bi Biasha akaniambia. "Uzi si mwizi."

Nikalegeza mkono. Ukanyooka.

Jirani yetu Mzee Matano akachungulia dirishani. "Nyie mnafuma simba au mnafuma nyavu za papa?"

"Pita zako, Mzee! Tutakufumia na wewe."

"Mimi? Nanyonya?"

Sufi ya kujazia ilikuwa haijakomaa mitini, tukamjaza makapi ya mpunga. Nikamwacha uani, tumbo wazi, nikaenda kuazima sindano ya kushonea.

Kumbe makapi yale yalibaki na punje. Na kuku wangu mweupe hana haya.

Kurudi, simba hayupo.

Nikasikia barazani kwa wanaume: "Simba! Simba jamani!"

Nikatoka mbio. Simba huyo anakuja! Kichwa kinayumba, miguu minne ya uzi inaning'inia, miwili ya kweli inachapa mchanga. Badala ya kunguruma, anasema ko-ko-ko.

Baraza tupu. Kandambili zimebaki.

Mzee Matano yuko juu ya mnazi. Yule yule anayelalamika magoti kila siku!

Mize peke yake hakukimbia. Alimrukia simba, akamkumbatia, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu mama yake aondoke sikuwa nimekisikia kicheko kile.

Mimi navuta kuku huku, yeye anavuta simba kule. Kuku akachomoka na matusi yake, makapi yote yakamwagika. Simba akabaki mtupu, kama mfuko.

"Lete nimjaze tena," nikamwambia.

"Mwache, Mama Mdogo. Kachoka."

Akamkunja kifuani, akajilaza mapajani pangu. Akalala, mkono umeushika ule mguu wa Bi Bimkubwa. Hata mguu wangu uliokufa ganzi sikuutikisa.

Siwema aliporudi, alimkuta mwanawe ana mashavu.

Lakini hayo si yaliyonishangaza.

Kesho yake baada ya kioja kile, hodi mlangoni. Mzee Matano.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Anatazama kuku, anatazama paa, mimi hanitazami. "Yule simba... mnaweza kufuma mwingine?"

"Wa mjukuu?"

Akakohoa. "Tangu bibi yenu afariki, kitanda kimekuwa kipana, mwanangu."

Sikucheka, wallahi.

"Tutakufumia, Mzee."

Akaondoka. Hatua mbili tatu, akageuka.

"Lakini wangu tumbo mlishone kabisa!"

Basi wenzangu, ukipita penye darasa la kufuma, chunga ulimi. Mguu unaoucheka leo, kesho utaomba ulale nao.