Kitabu Kinachoacha Mawe Kwenye Maharagwe

Sisi tuliokulia mtaa wa Nyakabiga, kabla simu hazijahamia mifukoni mwa watoto, tulijifunza kupenda vitabu tukiwa na ungo magotini. Mama yangu alikuwa akiwapikia makuli wa bandarini. Kila asubuhi masufuria yake yalipakiwa kwenye mkokoteni, akateremka nayo hadi karibu na lango la bandari, na wale mabwana waliopakua meli za Kigoma na za Kongo wakaja kula ubugali na maharagwe yenye mawese. Kuwashibisha watu wa namna ile kulitaka maharagwe mengi, na maharagwe ya enzi zile yalikuja na nusu ya shamba: mawe, udongo, makapi, na mara nyingine mdudu mzima mwenye hasira zake.

Kwa hiyo kila alasiri, tukishatoka shule, watoto wote wa uani kwetu na wa nyumba za jirani waliitwa kuchambua. Ujira wetu ulikuwa hadithi. Dada yangu mkubwa, Mariamu, aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akatusomea kwa sauti, na sisi tukachambua. Vitabu vilitoka hukohuko bandarini. Kasha likilowa maji ya ziwa njiani na mwenye mali akalikataa, makuli walimletea Mama vile vitabu vilivyovimba, vinavyonuka samaki ndagala, vyenye kurasa zilizogandana hata ukazibandua kwa ncha ya kisu. Sikumbuki hata kimoja kilichokuwa kikavu.

Na vilikuwa vitabu, jamani! Kimoja kilikuwa na fundi baiskeli aliyeitwa mwezini kwenda kuuziba mwezi, kwa sababu ulikuwa unavuja mwanga. Kingine kilikuwa na visiwa vilivyohama kila usiku kwa kuwa vilichoka na watu wake. Lakini kile tulichokisoma mpaka jalada likadondoka ni cha msichana aliyeteremka chini ya ziwa, kwenye mji ambako zinahifadhiwa sauti za watu wote waliozama. Alikwenda kuitafuta sauti ya baba yake. Mariamu akifika pale msichana anapofungua mlango wa kwanza, uani hapakusikika hata kuku.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Hadithi ikinoga, macho yetu yalihamia kwa Mariamu, lakini vidole viliendelea kufanya kazi vyenyewe, vikitupa maharagwe na kubakiza mawe. Kesho yake makuli walitafuna. Palikuwa na kuli mmoja mnene, Rajabu, mwenye sauti iliyofika mpaka kwenye meli. Alilitoa jiwe mdomoni, akaliinua juu watu wote waone, akauliza:

"Mama Mariamu, iyi jiwe ni ya hadithi gani?"

Wenzake walicheka hadi wakasahau kula. Mama aliona haya, akamwelezea ile hadithi haraka haraka ili anyamaze. Kosa! Kuanzia siku ile kila aliyepata jiwe alidai hadithi yake, na walikuwepo waliolitafuta jiwe kwa kijiko.

Mama akakasirika, akatunga sheria. Siku za kazi kisomwe kitabu kimoja tu, cha mtoto mwenye adabu. Nyumbani kwetu kilikuwepo, tena kikavu kabisa. Alikileta mjomba mmoja aliyetutakia mema. Mtoto wa kitabu kile aliamka mapema, akawaamkia wakubwa, akanawa mikono, akawatii wazazi, na mwishoni akawa tajiri. Hakuna kilichomtokea. Hata mvua haikumnyeshea. Mariamu alikisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba, na sisi tukachambua kwa bidii ya ajabu, maana ungo ndio uliokuwa unavutia zaidi. Maharagwe yakatoka safi kama shanga. Mama akafurahi sana, lakini furaha yake haikudumu.

Makuli ndio waliolalamika. Walikula kimya, wakanawa, wakarudi kazini bila kusema neno. Hatimaye Rajabu akamuuliza, "Mama Mariamu, batoto bako bagonjwa? Mbona iyi maharagwe haina habari?" Na jioni moja Mama, akiwa amejiinamia kwenye ungo wake, akauliza kana kwamba anauliza bei ya chumvi: "We Mariamu, na ule musichana wa mu ziwa, alitoka ao hakutoka?" Nikautazama ungo wake. Ulikuwa na mawe mengi kuliko nyungo zetu zote. Alikuwa anaiwaza hadithi ile muda wote huo, mama yetu, na aliogopa kutuuliza.

Sheria ikafa. Tangu hapo kila kitabu kilichoingia uani kwetu kiliulizwa swali moja tu: "Iko na mawe ao haina?" Mama alijua barabara maana ya swali lake, na kama kitabu hakikuwa na mawe alikiweka chini ya mguu wa meza iliyoyumba. Kile cha mtoto mwenye adabu kilifanya kazi nzuri sana pale chini.

Haya yote yalinirudia mwaka huu, kwa sababu mimi ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha kusomea cha watoto hapa mtaani. Chumba chenyewe ni kidogo, kina rafu mbili na mkeka, na kwa miezi mingi waliokuwa wanakuja kusoma ni mimi na mjusi. Mwenye nyumba alinipa muda: watoto wasiporudi kabla shule hazijafunguliwa, atampa dada yake afungue saluni. Nilikosa usingizi. Nimekizeekea kile chumba, nakipenda, na sitaki kukiona kikinuka dawa ya nywele.

Nikamuuliza mjukuu wangu Nadia kwa nini yeye na wenzake wamekihama. Nadia ni mtoto wa siku hizi, wale ambao wakikosa mtandao wanatazama juu kama waliofiwa. Siku moja nilimkuta ameweka vidole viwili juu ya ukurasa na anavitanua, akingoja herufi zikue. Nilipomuuliza, hakuinua hata kichwa chake kunijibu.

"Bibi, mulijaza bitabu bya kutugombeza."

Nilitaka kumkaripia, kisha nikaenda kuzitazama zile rafu. Mtoto mwenye adabu alikuwa amezaana. Alikuwepo kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Kirundi, ananawa mikono katika lugha zote tatu.

Wachaguzi wa vitabu vile ni sisi, komite. Nasema sisi, lakini mimi napiga kura moja, na wenzangu wana kura mbili na midomo minne. Mmoja ni Mama Gloria, mtu wa sala, ambaye katika kila kitabu anawinda mashetani. Mtu akiruka hewani ni mchawi, labda awe malaika. Chombo kikienda kwenye nyota bila rubani, anauliza nani anakiendesha, na jibu analo tayari. Wa pili ni Papa Deo, mstaafu wa wizarani anayekaa mtaa wa kitajiri wa Mutanga Sud, ambaye hufungua kila kitabu kwa nyuma. Anatafuta fundisho. Lisipokuwepo kwenye ukurasa wa mwisho, anakifunga kama mtu aliyefungua sufuria akakuta tupu.

Tena nisisahau kuwaambia: Papa Deo ni yule Deo wa nyumba ya pili kutoka kwetu, aliyekuwa anachambua kando yangu. Katika watoto wote wa uani, ungo wake ndio uliokuwa na mawe mengi kupita yote. Miaka ya ofisini imempangusa kichwani kama ubao wa shule.

Likizo ilipoanza, muuza vitabu mmoja alituletea kasha kutoka Kigoma, tuchague, vitakavyobaki avichukue. Nikalifunua kasha hilo mwenyewe. Chini kabisa kilikuwepo kile cha msichana wa ziwani, kimechapwa upya, kina jalada la buluu. Papa Deo alikipindua nyuma.

"Iyi haina fundisho."

"Na pale chini ya maji ni kuzimu," alisema Mama Gloria. "Mi siwezi kupatia mutoto wa mutu kitu ya kuzimu."

Sikubishana. Nikawaambia sawa, lakini kesho tunakula pamoja kabla ya kupiga kura, kwa hiyo wanisaidie kuchambua maharagwe. Nilikuwa nimeyanunua sokoni, ya gunia, yale yanayokuja na shamba lake. Nikawapa ungo kila mmoja, nikamwita Nadia, nikamwomba asome chochote wakati tunafanya kazi.

Alianza na kitabu alichokisifu Papa Deo. Mtoto aliamka, akanawa. Tulichambua fungu la kwanza likaisha upesi, safi, wala Mama Gloria hakuacha kupiga miayo. Kisha Nadia, kwa uvivu tu, akachukua kile cha jalada la buluu. Ukurasa wa kwanza aliusoma kama anayelipa faini. Ukurasa wa pili alikaa vizuri. Msichana alipoweka mkono kwenye mlango wa kwanza, nilimtazama Papa Deo. Mdomo ulikuwa wazi. Vidole vyake vilikuwa vinatupa maharagwe chini.

Nadia akafika mwisho wa sura, akanyamaza.

"Endelea kwanza," alisema Mama Gloria, "nijue kama iko na mashetani ya kweli."

"Ndiyo, endelea," Papa Deo akadakia. "Mutu hawezi kukataza kitu hajasikia yote."

Walikikagua namna hiyo mpaka adhuhuri, kwa uangalifu mkubwa.

Kesho yake tulikula. Papa Deo alikuwa ameanza hotuba juu ya vijana, juu ya maadili, juu ya vitabu vya ndotoni vinavyomtoa mtoto kwenye maisha, na alikuwa amemega tonge kubwa na kulichovya vizuri. Tukasikia kah! Mama Gloria alishtuka. Papa Deo akalitoa jiwe taratibu, akaliweka ukingoni mwa sahani na kulifunika kwa kipande cha ubugali. Hakunitazama. Nilipouliza nani anakitaka kile cha jalada la buluu, mkono wake ulikuwa wa kwanza kupanda, na wa Mama Gloria ukafuata, eti kwa sharti kwamba watoto wasali kabla ya kukisoma. Nikawaambia watasali.

Saluni haijafunguliwa. Shule zimeanza, na mkeka wangu umechanika kwa magoti ya watoto wanaogombania zamu. Mjusi amehama mwenyewe.

Lakini sitawadanganya kwamba enzi zetu zimerudi. Mama amekwenda, Mariamu pia, Rajabu sijui hata kaburi lake liko wapi. Nikipita bandarini siku hizi, vijana wanakula chapati huku kila mmoja akiitazama simu yake, na jiwe likipatikana kwenye chakula linapigwa picha ili mpishi aaibishwe. Madukani maharagwe yanauzwa kwenye pakiti, yamechambuliwa na mashine isiyosikiliza hadithi ya mtu yeyote. Wakwe zangu wananiletea hizo pakiti kwa huruma. Nazipokea, nashukuru, nawagawia majirani.

Mimi bado nanunua ya gunia. Jumamosi iliyopita Nadia aliyachambua pamoja na wenzake uani, mmoja wao akisoma, na mchana tukaketi wawili kula. Nikatafuna jiwe. Katika umri wangu hilo si jambo dogo, meno niliyobakiwa nayo nayafahamu kwa majina. Nikalitoa, nikaliinua juu, na sauti iliyonitoka ilinishangaza mwenyewe.

"Nadia, iyi jiwe ni ya hadithi gani?"

Akaweka kijiko chini, akaanza kunihadithia. Simu yake ilikuwa pale mezani kati yetu. Ililia, ikalia tena, ikachoka.