Nguzo ya Kushoto

Dhadho wa Minjila hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake kwa namba. Aliona ni kujitafutia mkosi. Kila jioni alikaa langoni mwa boma akitazama nje, kwenye nguzo ya kulia kama baba yake, akawapokea kwa rangi: huyu mwekundu, huyu wa baka, huyu mweusi. Watu walilisifu jicho hilo, naye hakukataa sifa.

Kisha kichwa kikamuuma siku mbili mfululizo, na kilipotulia akaanza kuwakosa. "Yuko wapi mweusi?" alifoka, kumbe mweusi ameshapita, anacheua ndani. Hata sahani ya wali aliila nusu akalalamika kwamba kapunjwa. Darmi, mkewe wa ndoa ya miaka arobaini, alivumilia wiki mbili, kisha akampeleka hospitali ya Garsen. Mzee alikwenda kwa moyo mkunjufu, akiamini jicho la kushoto lina mtoto wa jicho: lipasuliwe, arudi langoni kwake.

Abdia, muuguzi wa macho, aliziba jicho la kushoto. Upande wa kushoto haukuonekana. Akaziba la kulia. Vilevile.

"Macho yako mazima, baba. Taabu iko nyuma, kwa ubongo. Kila jicho inatuma habari kwa nyuzi. Njiani nyuzi zingine zinavuka, zingine zinabaki, kama ng'ombe wa maboma mawili kwa kivuko. Mambo ya kushoto, ya macho yote mbili, inaishia ubongo wa kulia. Hapo ndipo damu ilikosa kufika, siku zile za kichwa."

"Basi ng'ombe wanafika," Dhadho alisema polepole, "zizi ndilo limebomoka."

"Ndiyo, baba. Nitakupa dawa isirudi tena. Lakini hiyo hatupasui."

Walipofika nyumbani, Dhadho alimwambia mkewe lango apewe mwana wao, Adan. Darmi alimwonea huruma sana.

"Nguzo ziko mbili, baba Adan," alisema, akabeba kigoda hadi ya kushoto.

Mzee alinung'unika, tangu lini! Lakini ng'ombe walipoingia, wote walipita kuliani kwake. Mwekundu. Wa baka. Mweusi, mtoro yule. Hakumkosa hata mmoja.

Akamtafuta Darmi. Alikuwa amesimama alipozoea, kushotoni kwa mumewe.

"Mama Adan," aliita, mkono wake ukipapasa hewani. "Njoo upande huu. Wote nimewaona, nimekukosa wewe."