Dada Yake Roscoe Pinkney

"Bi Verdell, mbona hukutuambia kaka yako anaimba Ijumaa?"

Aliyeuliza ni Leota Gaskins, jirani wa mlango wa tatu, aliyehamia Baltimore kutoka Karolina ya Kaskazini baada ya Pasaka. Aliuliza kwa nia njema kabisa, mkononi ana mfuko wa samaki wa kukaanga unaovuja mafuta. Verdell Pinkney alikuwa amepiga magoti nje ya nyumba ya marehemu mama yake, anasugua vidato vya marumaru vya ngazi ya mlangoni kwa brashi na sabuni ya unga, kama afanyavyo kila Jumamosi tangu akiwa mtoto.

"Kaka yangu yupi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Kwani unao wangapi? Roscoe! Picha imebandikwa pale kwa kinyozi. Wana Lanvale, wale wale wa tangu mwanzo, ndivyo ilivyoandikwa. Wamevaa makoti ya rangi ya pichi, wamependeza kama keki ya harusi."

Verdell aliiachia brashi ikazama ndooni. Roscoe alikuwa na miaka minane kaburini. Yeye mwenyewe ndiye aliyemchagulia suti, na yeye ndiye aliyemfunga tai upya ndani ya jeneza, kwa sababu mtu wa mazishi aliifunga kama ya mchuuzi wa magari.

"Roscoe amekufa, mpenzi wangu," alisema.

Leota akautazama mfuko wake wa samaki kana kwamba jibu limo humo. "Basi aliyepigwa picha ni nani?"

Verdell akaiopoa brashi ndooni. Alimalizia kidato cha mwisho kwa nguvu hata viungo vya vidole vikachubuka.

Vidato vile ndivyo vilivyolizaa kundi lenyewe. Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tatu, vijana watano wa Mtaa wa Lanvale walikuwa wakikaa hapo jioni kuimba kwa midomo mitupu, maana ala hawakuwa nayo, hata filimbi. Mama Pinkney aliwatimua kwa brashi mbichi kila walipoyachafua marumaru yake, mpaka siku moja akachoka kuwafukuza akawapa sharti: anayetaka kuimba hapa asugue kidato kimoja kwanza. Vidato vitano, wavulana watano. Wakawa wanasugua huku wanaimba, na mlio wa brashi ukaingia katika wimbo, shuu-wa, shuu-wa, na Ferris Tolliver mwenye sauti nzito akawa chini yao anapiga dum-dum kama ngoma iliyofunikwa blanketi. Juu ya yote akapaa Roscoe. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, na wapita njia walisimama bila kujua wamesimama.

Baridi ilipoingia walihamia kwenye ngazi za ndani za jengo la jirani, ambako kuta zilikuwa zinawarudishia sauti. Verdell, msichana wa miaka kumi na minne, alikaa juu kabisa na kugonga chuma cha ngazi kila mmoja wao alipotoka nje ya sauti. Waliitwa mezani na mama yake wakala, wakatumwa kanisani naye wakaenda. Kisha akaja Bwana Hadley Crewe wa New York na gari refu. Akawapa suti na jina, Wana Lanvale, na wao wakatia sahihi juu ya boneti ya gari lake wakicheka. Hawakujua kwamba jina la mtaa wao wenyewe limekuwa mali ya mtu.

Walitoa wimbo mmoja uliovuma kiangazi kizima, hata ukitembea kutoka kanisani hadi sokoni uliusikia wote bila kukatika, dirisha hadi dirisha. Baada ya hapo fasheni ikabadilika. Kundi likasambaratika, Roscoe akaingia kiwanda cha chuma, na mapafu yakamwisha kabla ya nywele kuota mvi. Mama yao alimfuata kabla mwaka haujaisha.

Jumapili baada ya ibada Verdell alikwenda kwa Ferris, ambaye siku hizi ni dereva wa basi la jiji. Alimkuta anang'arisha viatu.

"Umeiona ile picha?"

"Nimeiona, Dell."

"Na wewe umekaa unapaka viatu rangi."

"Nifanyeje?" Sauti yake bado iliitikisa meza. "Nilipoimba kwenye harusi ya binamu yangu, wakatangaza Ferris wa Wana Lanvale, kesho yake mwanasheria wa Crewe alinipigia simu. Mimi nikisema ni Mwana Lanvale, nashtakiwa. Huyo akisema ni Roscoe, anapigiwa makofi. Nenda wewe kama unataka. Mimi siendi kutazama maiti akicheza."

Ijumaa hiyo Verdell alikuwa na mkutano wa wakaribishaji wa kanisani, wale wanaopokea watu mlangoni. Alitoka huko moja kwa moja, bado amevaa gauni lake jeupe na glovu nyeupe, akaongozana na Leota hadi ukumbini. Kulikuwa na maonyesho mawili, moja la alasiri na moja la jioni. La alasiri lilijaa tele, na nusu ya waliojaa aliwajua kwa majina. Wengi wao walimzika Roscoe. Walikula nyama ya nguruwe na saladi ya viazi nyumbani kwa Verdell siku ile, wakamshika mikono, wakalia.

Taa zikawaka, wakatokea watano katika rangi ya pichi. Aliyesimama mbele hakuzidi miaka ishirini na mitano. Roscoe angekuwa na arobaini na mbili, lakini hakuna aliyetaka kupiga hesabu hiyo. Akaimba. Aliimba vizuri, tena vizuri mno, na hilo ndilo lililomuudhi Verdell zaidi. Angekuwa mbovu angemcheka akarudi zake nyumbani.

Wimbo ulipokwisha, kijana akajifuta jasho. "Mimi Roscoe Pinkney, nimezaliwa hapa hapa Mtaa wa Lanvale. Mnawakumbuka mama zetu na vidato vyao? Mama yangu alikuwa akitukimbiza na brashi, jamani. Lakini hafiki mbali! Mkono huu brashi, mkono huu chupa. Akikosa kutupiga sisi, anapiga ukuta."

Ukumbi ukaangua kicheko. Verdell akageuka. Nyuma yake Arnetta Bowie alikuwa anajifuta machozi ya kucheka, Arnetta huyo huyo ambaye Mama Pinkney alikesha naye siku tatu mtoto wake wa kwanza alipokataa kutoka.

"Arnetta," alisema.

"Mzaha tu, da Verdell. Usituharibie. Nimejisikia kijana leo."

"Ulikuwepo makaburini."

Arnetta akainamisha macho, lakini mguu wake uliendelea kufuata mdundo wa wimbo uliofuata.

Hapo ndipo hasira ya Verdell ilipotulia, ikawa nzito kama jiwe ndani ya maji. Alimwomba Mungu ulimi wake usimtangulie. Akanyanyuka, mkono mmoja nyuma ya mgongo, mwendo ule ule anaopeleka nao wageni kwenye viti vyao Jumapili, akasubiri pembeni ya jukwaa hadi onyesho likaisha, kisha akapita mlango wa nyuma. Mlinzi alimpisha. Mwanamke wa gauni jeupe na glovu hazuiwi na mtu.

Kijana alikuwa amekaa peke yake, anakunywa chai ya moto yenye asali. Koti lilitundikwa msumarini.

"Unaitwa nani?"

"Roscoe Pinkney, mama." Akatabasamu tabasamu la jukwaani.

"Nakuuliza jina ulilopewa na mama yako."

Tabasamu likapungua. "Dwight. Dwight Yancey, wa Cleveland."

"Mimi ni Verdell Pinkney. Roscoe ni kaka yangu, tumbo moja."

Dwight akasimama, chai ikamwagika mkononi na wala hakuipangusa. "Niliambiwa hana mtu. Bwana Crewe alisema wamekwisha wote."

"Na ile chupa ya mama yangu uliitoa wapi?"

"Nimeandikiwa, mama. Kila kitu naandikiwa. Ninapoambiwa wacheke hapa, wanacheka."

"Mama yangu hakuonja hata divai ya meza ya Bwana. Kanisani kwetu ni maji ya zabibu, na hata hayo alikuwa akisema ni matamu mno."

"Nisamehe." Akakiweka kikombe chini. "Lakini nisipokuwa mimi, atakuwa mwingine. Wiki hii tuko Wana Lanvale wa aina tatu. Sisi hapa, wengine Detroit, wengine wako kwenye meli ya watalii huko Florida."

"Kina Roscoe wangapi?"

"Watatu, nadhani."

Verdell alikuwa amekuja na kofi. Lilikuwa tayari ndani ya glovu tangu mama yake alipotajwa. Sasa alimtazama kijana aliyesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, kola yake imechafuka poda, akaona kwamba kofi lile si lake, na mwenye kulistahili amekaa New York anakula chakula chake cha jioni kwa raha. Hasira haikupungua hata chembe, ila ilikosa shavu la kutua.

"Unajua mlichomfanyia?" alisema. "Mlikuta mtu amelazwa, amefungwa tai, ameombewa. Mkamvua sanda mkamvalisha koti hili. Kaka yangu hata kufa mmemnyima. Jirani yangu kaniuliza mbona sikumwambia Roscoe anaimba. Nimemjibu nikiwa nimepiga magoti kwenye sabuni."

Nje mshereheshaji alishaanza kuwatuliza watu wa onyesho la pili, na Leota alichungulia mlangoni, mkono mdomoni. Dwight alilitoa koti msumarini, akalishika bila kulivaa.

"Niseme nini, mama? Niseme hakuwa mlevi?"

"Hilo utalisema."

"Nikisema zaidi ya hapo, Crewe atanifukuza kabla hatujafika Philadelphia."

"Huenda."

Vikaanza vishindo vya miguu ukumbini, watu wanadai kundi lao. Verdell akazivuta glovu zake zikakaa sawa kidole kwa kidole, kama anapokaribia kufungua milango ya kanisa.

"Wimbo sikukatazi, imba," alisema. "Ila kabla ya wimbo wa kwanza, simama kwenye kipaza sauti uwaambie Roscoe Pinkney amekufa."