Shairi Halijibiwi kwa Moyo Mwekundu

Nimetoka katika kundi lile mara mbili, na mara ya kwanza nilidhani sijaonekana. Nilidhani kutoka kwenye kundi la simu ni kama kutoka arusini kwa mlango wa jikoni: unavaa kandambili zako taratibu, ukifika nyumbani ndipo wanaanza kuulizana ulikwenda saa ngapi. Kumbe simu haina stara. Ukitoka, inawatangazia wote kwamba fulani ameondoka, na tangazo linabaki pale pale, kila apitaye alisome.

Aliyenitia ni binti wa dadangu, yuko Mombasa. Kundi ni la wanawake wa Kibajuni wapendao kutunga mashairi. Wengine wako Mombasa kama yeye, wengine kambini kwa wakimbizi, wengine wameolewa Ulaya huko, wanatunga huku wamevaa soksi mbili. Kila Ijumaa baada ya alasiri mmoja hutoa beti kwa sauti, na wenzake husikiliza. Hakuna kushindana, aliniambia, hakuna kuchekana. Hilo la mwisho ndilo lililonitia shaka. Mashairi yasiyo na kuchekana nilikuwa sijayaona.

Mara ya kwanza nilikaa kundini muda wa kupika chai. Nikasikia sauti za wasichana zimetulia, Kiswahili chao kimenyooka, nikajitazama. Mimi niko Kismayo, sokoni nasema Kisomali tangu asubuhi, nikikasirika nakasirika kwa Kisomali, na Kibajuni changu cha kisiwani Chula nakitoa kama vyombo vya wageni. Tena kwetu shairi likishasemwa limekwenda na upepo. Hili lingebaki katika simu za watu, na kosa langu ndani yake. Nikatoka kabla chai haijachemka.

Mume wangu hutengeneza mashine za boti, na huamini kila kitu kina skrubu yake. Alinitazama akasema, "Wee uwaogope wachu? Mbona mimi huniogopi?"

Sababu yenyewe hakuijua yeye wala binti.

Dadangu na mimi tulilelewa Chula, na kazi yetu ilikuwa kusuka ukili, ule mkanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Tulikaa migongo ukutani, kila mmoja na fungu lake la miyaa, majani makavu ya kusukia. Mmoja akitoa mistari miwili, mwenzake lazima airudishe kwa vina na mizani kabla ukili wake haujaongezeka pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Akishindwa, anasuka fungu lake na fungu la mwenzake. Hakuna rufaa. Nimesuka mafungu mengi ya dadangu mimi, maana alikuwa na ulimi mwepesi na hakuwa na huruma. Vita vilipoanza yeye alikimbilia Mombasa, mimi nikaishia Kismayo, na simu zilipokuja tukaendelea kwa simu.

Miaka miwili iliyopita aliniletea mistari miwili kwa sauti, amelala kitandani hospitali, nami sikujua kama hali imekuwa nzito:

*Mkeka wa pande mbili, moya wangu moya wako,*
*Nami sina tena hali, nani tashona na wako?*

Sikumjibu. Nilitaka jibu zuri, jibu la kumfanya aseme, haya, leo umenipata. Nikalitafuta siku tatu. Siku ya nne binti yake akapiga simu analia. Tangu hapo sikutunga hata mstari wa kubembeleza mtoto. Niliona haya, na nilimkasirikia yeye pia, kwa kunifumbia fumbo pale palipotaka kusemwa wazi.

Binti alinirudisha kundini bila kuniuliza. "Mama mdogo, kaa usikize tu," alisema, "hupungukiwi na kichu."

Basi nikasikiliza, wiki tatu. Nikamsikia mmoja analeta beti iliyochechemea, na wenzake wakamwambia taratibu, hapa mizani imezidi, hebu jaribu hivi. Akajaribu, ikakaa. Wakafurahi kana kwamba kila mmoja ameitunga yeye. Mimi huku naisonga miyaa kwa ghadhabu. Dadangu angeshamzika na beti yake. Lakini Ijumaa iliyofuata yule mwenye beti mbovu alikuja na nyingine, nzuri, na nikajikuta nimeisikiliza mara nne.

Wiki ya nne nikaingia uwanjani nami. Nilijifungia stoo kwa mume wangu, katikati ya vyuma na harufu ya petroli, nikasema kama tulivyokuwa tukisema Chula, kifua mbele:

*Nabisha hodi nyumbani, nimekuya na ukili,*
*Mwenye neno kifuani, litoke tulikabili.*

Nikakaa, ukili mkononi, nangoja anayeweza. Nilishaandaa la kumjibu yeyote atakayejibu.

Ukaja moyo mwekundu. Ukaja mwingine. Ikaja mikono inapiga makofi, likaja ua, ikaja sura ya manjano inatoa machozi, sikujua ya furaha au ya kunionea huruma. Mioyo kumi na saba, wala neno hata moja. Ukili ulifika pima moja. Ukafika mbili.

Wasomaji wasiotoka kwetu wataona nina wazimu. Kwetu shairi la hodi hujibiwa. Kulinyamazia ni kumwacha mtu mlangoni amekunja mikono, na kumpa picha ya moyo ni kumtupia peremende aende zake. Nilingoja siku mbili, mpaka adhana ya adhuhuri, nikasema, nimetukanwa na watu kumi na saba kwa mpigo. Nikatoka. Safari hii nilijua simu itatangaza, na nilitaka itangaze.

Binti akapiga kabla sijaiweka simu chini.

"Mama mdogo, umefanya nini?"

"Nimeondoka penye dharau."

"Dharau gani? Wachu wanatunga! Tangu juzi wanaandika na kufuta. Wamenitumia mimi kwanza niwaangalilie, kila mmoja anaogopa kukujibu. Wanasema, huyu ni wa Chula wa kweli, tukikosea atatumaliza."

Tulikuwa tunaogopana, wao kule na mimi huku, na kila upande unadhani mwenzake ndiye simba. Nilicheka mpaka mume wangu akaja kuchungulia.

Niliporudi, mara hii kwa kuomba mwenyewe, jibu lilikuwa linaningoja. Lilikuwa la msimamizi wa kundi, msichana aliyezaliwa kambini na sasa yuko Ulaya, ambaye Chula hajapata kuiona kwa mato yake. Sauti ilikuwa inamtetemeka:

*Karibu ingia ndani, twakungoja siku mbili,*
*Neno liko ulimini, lakini latetema mwili.*

Nikahesabu kwa vidole. Kipande cha mwisho kilikuwa na mizani tisa, badala ya nane. Zamani ningemzika. Nikamwambia, "Mwanangu, toa 'lakini' utie 'ila', itakaa." Akaisema tena, ikakaa, na mioyo ikamiminika, na mmoja wa mioyo ile ulikuwa wangu. Nilichukua muda kuupata ulipo.

Ijumaa mbili baadaye zamu ya kutoa beti ilinifikia. Asubuhi nzima nilikuwa nayo beti ya mzaha, ya mume na mashine zake. Wakati ulipofika sikuitoa. Niliwawekea sauti ya dadangu, ile ya kitandani, kama alivyoituma. Kisha nikawaambia la kweli: kwamba ni dadangu, kwamba aliniuliza, kwamba sikumjibu, na kwamba sababu ilikuwa kiburi tu. Nililia nikisema, na sikufuta.

Hakuna aliyeleta moyo. Nadhani binti aliwakanya. Majibu yalianza kuja siku ile ile na yakaendelea wiki nzima, moja moja, mengine mazuri, mengine yanachechemea, kila mmoja akimwambia dadangu kwamba atashona. Yule wa Ulaya alisema yeye hajui hata kushika sindano ya mkeka, lakini atafundishwa.

Siku ya sita, mchana, nilikuwa nasuka nyuma ya nyumba. Jibu langu lilikuja bila kuitwa. Niliibonyeza simu kabla halijapoa:

*Mkeka tautandika, wako wangu ni mmoya,*
*Wa kushona wamefika, nami uzi nautiya.*

Si jibu la kumfanya aseme leo umenipata. Angelipata mahali pa kulitoboa, namjua. Lakini vina vimekaa na mizani imetimia, na nilipoupima ukili ulikuwa haujafika hata nusu pima.

Ila nilikuwa nimechelewa miaka miwili, na sheria yetu haina rufaa. Nilimaliza fungu langu, nikaenda ndani, nikatoa fungu la pili la miyaa, nikaketi mgongo ukutani, nikaanza kusuka la dadangu.